Siku Tano za Kazi

Jumapili, 15 Juni

Leo marufuku ya jua imeanza. Mpaka katikati ya Septemba haruhusiwi mtu kufanya kazi juani kuanzia saa sita hadi saa tisa mchana. Wapakiaji wa nje wakisimama, mlango wa mizigo hufungwa, na wanawake wetu wa kufungasha nao hupanda chumba cha mapumziko kujinyoosha kwenye mikeka. Ghala zima la Al-Sulay, hapa Riyadh, hunyamaza. Nimenunua daftari hili ili nisisinzie kama wao, maana nikilala mchana naamka na kichwa kizito mpaka kesho yake.

Mimi ni karani wa ofisi ya wafanyakazi, mwaka wa sita sasa. Madam Hissa, mkuu wangu, ameniwekea mezani kurasa kumi na mbili za Kiarabu: kanuni za kampuni za kuzuia ubaguzi na unyanyasaji wa kijinsia kazini. Mteja mkubwa wa Jeddah amesema hatatia sahihi mkataba mpaka kila mfanyakazi asomewe kwa lugha yake. Kwa hiyo Kiswahili ni changu. Na si hilo tu. Kamati ya kusikiliza malalamiko ni ya watu watatu, yeye, mhasibu, na mtu anayewaelewa wafungashaji, na mtu huyo kaamua ni mimi. Nilitabasamu kama aliyepandishwa cheo.

Elphas, msimamizi wa ghala, amenitania mlangoni. "Shem, sasa tukitaka kukusalimia tuombe ruhusa ya kamati?" Hatuna undugu wowote wa ndoa. Ananiita shem kwa kuwa ni mtu wa Kimilili kama mimi, na ndiye aliyenitafutia kazi hii. Nikacheka, maana Elphas anajua kuchekesha.

Jumanne, 17 Juni

Joto nyuzi arobaini na sita. Niko ukurasa wa nne. Kiarabu cha mawakili hakina huruma.

Jumapili, 22 Juni

Nimewasomea. Wanawake kumi na tisa, wengine wamekaa, wengine wamelala ubavu. Yaliyokatazwa: kumgusa mtu asiyetaka. Kumsema mwili wake. Kumwahidi zamu nzuri au kumtishia zamu mbaya ili akupe unachotaka. Kumnyima kazi kwa sababu ni mwanamke, au kwa rangi yake, au kwa alikotoka. Malalamiko yaletwe ndani ya siku tano za kazi, siku ya tukio ikihesabiwa. Anayelalamika asiadhibiwe. Mjumbe wa kamati atakayeficha malalamiko au kuyatoa nje, kazi yake imekwisha. Hicho cha mwisho nilikisoma haraka haraka.

Zeinab wa Unguja, aliye mkubwa wao kwa umri, aliuliza fomu ziko kwa nani. Kwangu, nikasema, droo ya pili. Akauliza ufunguo uko kwa nani. Kwangu pia. Akatikisa kichwa, sikujua ndiyo kuridhika au vipi.

Elphas alisimama mlangoni muda wote akinywa maji. Nilipofika kwenye zamu nzuri na zamu mbaya akacheka, na wengine wakacheka naye. Nilicheka na mimi. Valentine hakucheka. Huyu ni binti wa Kakamega, mdogo kuliko wote, aliyekuja mwaka juzi. Alikuwa amevaa koti zito la chumba cha baridi, zipu mpaka kidevuni, katika joto lile. Nilidhani ana homa.

Alhamisi, 26 Juni

Vumbi kutwa. Hakuna jipya.

Jumapili, 29 Juni

Valentine amekuja ofisini saa sita na robo, wote walipokuwa wamepanda kupumzika. Alifunga mlango, kisha akaufungua tena kidogo, kisha akaufunga. Nikajua.

Chumba cha baridi ndimo tunamohifadhi jibini na siagi. Hakina kamera, kwa kuwa vioo vya kamera huingia ukungu humo. Kila msimu wa joto, wakati wa mapumziko, Elphas huita mwanamke mmoja. "Njoo upoe kidogo, unisaidie kuhesabu katoni." Nimeyasikia maneno hayo miaka mingi na kila mara nikaona ni ukarimu wake. Kumbe kila mmoja juu kule hulala akiomba lisitajwe jina lake. Valentine huvaa koti tangu saa tano kwa sababu hajui ataitwa lini, na koti lina zipu.

Leo aliitwa. Elphas aliuvuta mlango, akasimama mbele yake, akaingiza mkono ndani ya koti. Valentine alipomsukuma, Elphas akamwambia mkataba wake unaisha mwisho wa Agosti na anayeandika kama aongezewe au asiongezewe ni yeye. Akaongeza kuwa kule nje kuna nyuzi arobaini na saba na humu ndani kuna nyuzi nne, kwa hiyo achague. Valentine alinisimulia haya yote akiangalia kalenda ukutani. Hakulia. Mikono yake ilikuwa bado baridi nilipoishika.

"Auntie Zippy," akasema, "sitaki afukuzwe. Nataka tu asiwe ananipangia kazi. Na nisirudishwe nyumbani. Si ulisema kuna fomu?"

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Nauandika ukweli hapa kwa kuwa hapa hapasomwi na mtu: niliogopa. Akilini nilimwona Elphas akiingia ofisini kwangu na fomu hiyo mkononi. Niliona ikama yangu, kibali cha kukaa nchini, inayoongezwa Septemba. Nikawaona mapacha wangu shuleni. Kisha mdomo wangu ukasema maneno ya busara sana. Nilimwambia asijaze kwanza. Elphas ni mtu wetu, tuketi naye kinyumbani, tusiwape wageni mambo yetu, kwani fomu ikishaandikwa haifutiki.

Akasema sawa. Aliniamini haraka kuliko nilivyotaka.

Nikamwandikia Dancan, dereva wa lori na mwenyekiti wa umoja wetu wa Wakenya wa Al-Sulay: "Valentine amekuja kwangu leo na malalamiko juu ya Elphas, chumba cha baridi. Nimemwambia asijaze fomu kwanza, tukae kikao." Umoja huu ndio unaozika, ndio unaopatanisha, ndio unaotafuta mtu akipotea. Katibu wake ni Elphas. Ndugu yake Dancan alipofia hapa, Elphas ndiye aliyesimama ofisi kwa ofisi wiki tatu mpaka mwili ukasafiri. Mtu kama huyo unaanzaje kumshtaki?

Jumatatu, 30 Juni

Dancan amejibu: Ijumaa, ndiyo siku ambayo wote wako huru. Nimehesabu vidole chini ya meza. Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Muda unaisha Alhamisi, kikao ni Ijumaa.

Sikumwambia Valentine.

Alhamisi, 3 Julai

Nimefungua droo mara mbili na kuifunga mara mbili. Valentine alipita saa nane, akanipungia mkono. Hajui kwamba leo ndiyo siku. Aliwahi kusomewa, ndiyo, lakini alisomewa kifungu kimoja kati ya thelathini na nane, akiwa amejifungia ndani ya koti. Mimi ndiye niliyekitafsiri.

Ijumaa, 4 Julai

Kikao kilifanyika sebuleni kwa Dancan baada ya wenzetu Waislamu kutoka msikitini. Watu tisa, chai ya maziwa, mandazi. Dancan alifungua kwa maombi. Kisha akasema tumekuja kutengeneza nyumba, hatukuja kubomoa.

Elphas aliongea kwa sauti ya chini, kofia mkononi. Akasema yeye ni binadamu. Akasema mzaha wa kazini unaweza kumfikia mtu vibaya. "Kama nimemkosea dada yangu mdogo kwa njia yoyote, naomba radhi mbele yenu." Wanaume wakaguna kwa kukubali. Mmoja akasema si kila mkubwa angeweza kujishusha hivyo. Hata mimi, Mungu anisamehe, nilisikia moyo umetulia, na nikaona mambo yamekwisha vizuri bila mtu kuumia.

Zeinab si Mkenya, lakini alikuja kwa sababu Valentine alimwomba amsindikize. Aliweka kikombe chini.

"Mie naomba kuuliza," alisema. "Anaomba radhi ya nini? Hajakitaja alichokifanya. Mtu kaomba radhi ya kitu kisichokuwa na jina, na nyie mshamsamehe kabla mwenyewe hajafungua mdomo."

Dancan alimwambia kwa upole, "Mathe, hii mambo tunamaliza kinyumbani. Tukianza kuchambuana hapa hatutaisha." Akamwita Valentine asimame, ampe Elphas mkono. Valentine alinitazama mimi. Nikainamisha kichwa kidogo, kama kumwambia mpe. Akampa. Wakapiga makofi.

Mkono ule Elphas aliushika muda mrefu kuliko ilivyopasa. Niliona, na nadhani Zeinab pia aliona.

Jumapili, 6 Julai

Ratiba mpya imebandikwa asubuhi. Valentine: chumba cha baridi, kila siku, mwezi mzima.

Alikuja kwangu amekasirika. Akasema kikao kimemfundisha Elphas kwamba hakuna atakayemfanya kitu. Anataka fomu. Nikampa, akajaza palepale kwa herufi kubwa, nikampeleka kwa Madam Hissa nikiwa mkalimani.

Madam Hissa si mtu mbaya. Aliisoma mara mbili. Aliuliza kwa Kiarabu tukio limetokea lini, nikasema tarehe ishirini na tisa. Akahesabu. Akasema muda umepita, na wakili wa kampuni hatakubali ifunguliwe. Kisha akaniuliza, polepole, kama binti huyu alikuwa amemwambia mtu yeyote wa kamati kabla ya leo.

Nilisema la.

Valentine hajui Kiarabu. Alikuwa ameketi pembeni yangu, mikono mapajani, akingoja. Nilimgeukia nikamwambia, "Anasema muda umepita. Likitokea jipya, uje siku hiyohiyo." Akaniuliza, "Kwa hivyo ningoje anishike tena?"

Sikulitafsiri swali hilo. Madam Hissa aliuliza amesema nini, nikajibu kwamba anashukuru.

Jumatano, 9 Julai

Siwezi kula mchana. Saa sita ikifika nasikia hatua kwenye ngazi za chuma, hata zikiwa hazipo.

Jumapili, 13 Julai

Nimeanza kupanda chumba cha mapumziko na kazi zangu, nikikaa kando ya mlango. Elphas amekuja mara mbili, akaniona, akashuka. Wanawake hawasemi kitu, ila Zeinab amenitandikia mkeka. Lakini Valentine hayuko juu na sisi. Yuko chini, kwenye zamu yake.

Alhamisi, 17 Julai

Nilitunga sababu ya kuingia chumba cha baridi na orodha ya katoni. Walikuwa wawili ndani. Elphas akasema, "Karibu, shem, tunahesabu." Valentine alikuwa upande wa pili wa rafu, katoni tatu za siagi zimepangwa mbele yake. Alizipanga mwenyewe, kwa mikono yake. Nilikaa humo mpaka vidole vikafa ganzi.

Jumatatu, 21 Julai

Elphas amenifuata ofisini. Alikaa kwenye kiti cha wageni, akavuka miguu, akaulizia mapacha kwa majina. Kisha akanionyesha simu yake. Ulikuwa ujumbe wangu kwa Dancan, wote, na tarehe juu yake. Dancan alimpelekea siku ileile ili "ajiandae kwa kikao."

"Mjumbe wa kamati anayeficha malalamiko," alisema, "sijui ile karatasi yako inasemaje. Ulitusomea vizuri sana siku ile."

Nilimwambia yeye ndiye ataumia ujumbe huo ukitoka. Akatabasamu. Yeye keshaomba radhi na keshasamehewa, muda umepita, hakuna kesi. Aliyebaki na kesi ni mimi. Hakuinua sauti hata mara moja. Alisema hataki shida na mimi, anataka tu nirudi kukaa ofisini kwangu mchana, ngazi zile ni ndefu kwa mtu wa rika langu.

Aliondoka, nikabaki nimeshika ukingo wa meza. Huyu ndiye mtu aliyenipokea uwanja wa ndege kwa soda baridi na laini ya simu iliyokwisha kuwekwa salio. Namwogopa mpaka naogopa kuandika jina lake.

Jumanne, 22 Julai

Nimekaa ofisini.

Jumapili, 27 Julai

Nimekaa ofisini. Zeinab alipita, akatazama saa ukutani, akanitazama mimi, akaenda zake.

Jumanne, 5 Agosti, Jeddah

Mteja ameita kamati zote kwa mafunzo ya siku mbili. Huku joto si kali kama Riyadh ila nguo zinagandamana na mwili kabla hujavuka barabara. Mwalimu ni mwanasheria wa kike, mwenyeji wa hapahapa Jeddah, anayeongea haraka na kupiga meza kwa kalamu. Nilikuwa nikiandika bila kusikia mpaka aliposema kwamba, kwa kanuni hizi tulizotia sahihi, fomu ni karatasi tu. Mtu akimwambia mjumbe yeyote wa kamati, hata kwa mdomo, hata ngazini, malalamiko yamepokelewa tangu siku hiyo.

Kalamu ilisimama mkononi mwangu.

Valentine aliniambia tarehe ishirini na tisa Juni, siku ileile ya tukio. Kwa hiyo hajachelewa. Hajawahi kuchelewa. Na ushahidi upo, una tarehe na saa, uko kwenye simu yangu na ya Dancan na ya Elphas. Kinachoweza kumwokoa ni kilekile kinachoweza kunifukuza.

Nilitoka nje nikausoma tena ujumbe ule.

Jumatano, 6 Agosti, Jeddah

Baada ya mafunzo nimechukua teksi hadi Al-Mahjar kumwona Emily. Alikuwa mfungashaji wetu Riyadh, akahamia tawi la huku miaka miwili iliyopita. Anaishi na wenzake wanne, vyumba viwili, nguo zimeanikwa hadi kwenye korido. Nilisema nimekuja kumsalimu. Hakuniamini hata kidogo.

Nilipotaja chumba cha baridi aliacha kumenya viazi. Akaniuliza ni nani sasa. Nikamtajia jina. Akaniuliza ana miaka mingapi. Nikamwambia ishirini na tatu.

"Mimi nilikuwa ishirini na tano," Emily alisema. "Na wewe ndo uliniandikia ile barua ya uhamisho. Uliniuliza sababu, nikanyamaza. Ukaandika sababu za kifamilia, ukaniambia hivyo ndo watakubali haraka."

Naikumbuka barua. Naikumbuka vizuri kwa kuwa nilijisifu kwamba ilipita kwa siku moja. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema aliona jinsi nilivyoogopa kuuliza mara ya pili, akanihurumia. Kisha akaendelea kumenya viazi, akanilazimisha nile.

Nikamuuliza kama atakubali kuandika lililompata. Alisema ataandika nikianza mimi kuandika langu. Bila hivyo hataki kumsikia tena Elphas katika maisha yake.

Jumanne, 12 Agosti

Nimerudi Riyadh. Nimeandika mistari minne ya maelezo yangu, nikaichana vipande, nikavitia vipande hivyo katika mapipa mawili tofauti. Uoga umenifanya mjinga.

Jumapili, 17 Agosti

Kwa nini niwe mimi? Nimeuliza hivyo kutwa. Wengine walikuwepo kikaoni, wengine wanne waliwahi kuitwa humo ndani, Dancan ndiye aliyepeleka ujumbe. Nikifukuzwa nina siku chache za kufunga mizigo, na mapacha wana mitihani mwakani. Nimejijibu pia: wao hawakuwa na ufunguo.

Jumatano, 20 Agosti

Nyuzi arobaini na tano. Valentine amepita bila kunisalimu, hakuniona au hakutaka. Amekonda usoni.

Jumapili, 24 Agosti

Imekuja kwenye meza yangu fomu ya Elphas: Valentine asiongezewe mkataba, sababu ni uzembe na utovu wa nidhamu. Tiketi ikatwe ya tarehe nne Septemba. Mimi ndiye ninayepaswa kuichapa barua.

Nimeandika jina lake na namba ya ikama yake. Nimefika kwenye neno utovu, vidole vimekataa. Nimeihifadhi hivyohivyo.

Jumatatu, 25 Agosti

Sijafanya kitu chochote. Nimemwambia Madam Hissa mashine ya kuchapa ina hitilafu. Haina.

Jumanne, 26 Agosti

Nimefika ofisini kabla ya wafagiaji. Niliandika ukurasa mmoja kwa Kiarabu, nikatumia maneno rahisi nisije nikajificha ndani ya magumu. Kwamba Valentine aliniletea malalamiko tarehe ishirini na tisa Juni, saa sita na robo mchana, siku ileile ya tukio. Kwamba nilimzuia kujaza fomu. Kwamba niliyatoa nje ya kamati. Kwamba niliulizwa nikakana. Nikachapa ujumbe wa simu, tarehe ikiwa juu. Nikaupiga picha ukurasa, nikamtumia Emily. Baada ya saa moja na nusu ukaja wake, kurasa tatu kwa mwandiko wa mkono, zimepigwa picha kwenye meza yenye maganda ya vitunguu. Nikazichapa pia.

Saa nne nikaingia kwa Madam Hissa. Nikaziweka karatasi mezani haraka. Alisoma ukurasa wangu kwanza. Akarudia aya ya mwisho. Aliniuliza kama kuna mtu aliyenilazimisha kuandika. Nikasema hakuna. Aliniuliza kama naelewa kwamba karatasi hii inafungua majalada mawili, la Elphas na langu. Nikasema naelewa. Akavua miwani.

Alisema aliniuliza siku ile kwa sababu aliona uso wa binti yule, na aliniamini mimi kuliko uso. Sijawahi kuambiwa neno lililonichoma hivyo na mkubwa wa kazi, na halikuwa hata tusi.

Akaandika juu ya fomu ya Valentine: imepokelewa, 29 Juni. Akatia muhuri. Barua ya kutoongeza mkataba akaisimamisha mpaka kamati itoe uamuzi. Kisha akanyoosha mkono, akaniomba ufunguo wa droo.

Alhamisi, 28 Agosti

Elphas ameambiwa asikanyage ghala mpaka uchunguzi uishe. Mimi nimeondolewa kwenye kamati, nafanya kazi za kuingiza majina kwenye kompyuta nikingoja kuitwa. Nafasi yangu amepewa mwanamke Msudani wa idara ya manunuzi. Dancan amenitoa kwenye kundi la simu la umoja. Hakuandika neno, niliona tu nimetolewa. Mtu mmoja amenitumia ujumbe wa sauti akiniuliza siku nikifa hapa nani atanisafirisha.

Naogopa sana. Nilidhani nikishasema uoga utapungua, kumbe umebadilika sura tu. Zamani niliogopa lisijulikane, sasa naogopa kila simu ikilia.

Jumapili, 31 Agosti

Valentine amehojiwa saa mbili nzima. Wanawake watatu wengine wamejitokeza. Zeinab amesema yeye hakuwahi kuitwa, ila amehesabu walioitwa, miaka mitatu, na ametaja tarehe kwa Ramadhani na Sikukuu kama anavyohesabu siku zake zote. Waliandika kila alichosema.

Jumatano, 3 Septemba

Nimehojiwa. Sikukana chochote. Uamuzi juu yangu utatolewa baada ya tarehe kumi na tano. Ikama yangu inaisha tarehe ishirini na moja.

Jumapili, 7 Septemba

Valentine amekuja mezani kwangu wakati wa mapumziko. Amevaa blauzi ya mikono mifupi. Kamati imeamua mkataba wake uongezwe mwaka mmoja, na amehamishiwa upande wa tende, zamu inapangwa na mwingine. Elphas bado hajahukumiwa, lakini haonekani.

Nilidhani amekuja kunishukuru. Nilikuwa hata nimeshaandaa jibu, la kwamba hakuna cha kushukuru. Alibaki amesimama.

"Wamenisomea karatasi yako yote kwa Kiswahili," alisema. "Ile wiki ya kwanza, ukiniambia tungoje kikao. Ulikuwa unajua siku zinaisha Alhamisi?"

"Nilijua."

"Na siku ile kwa madam, nikiwa nimekaa hapo kando yako. Alikuuliza kama nilikuwa nimesema kwa mtu?"

"Aliniuliza."

Juu yetu kulikuwa na sauti za wenzake wakigeuka kwenye mikeka. Nilimwambia niliogopa. Nilimwambia habari za ikama na za watoto, na nikasikia nilivyokuwa nikiongea upesi, na nikaacha.

"Hata mimi niliogopa, Auntie," Valentine akasema. "Lakini nilikuja kwako."

Akapanda juu kupumzika na wenzake.